Choose Your Medical School ya AAMC: nyepesi kutumia, nyepesi kukosea

Huduma hii ya AAMC (jumuiya ya vyuo vya udaktari Marekani) humwezesha aliyekubaliwa kuonyesha chuo atakachosoma. Imo ndani ya akaunti ya kila anayeomba kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vingi vya udaktari Marekani, wala haina malipo ya ziada. Ina chaguo mbili tu, "Plan to Enroll" na "Commit to Enroll", na hapo ndipo waombaji wanapoteleza, maana ukizisoma haraka zote zinasema "nitasoma hapa".

Ya kwanza ni nia tu. Ukishaichagua bado unaruhusiwa kubaki kwenye orodha za kusubiri za vyuo vingine, na unaweza kuibadilisha. Ya pili ni ahadi: kabla ya kuibonyeza uwe umejitoa kila mahali, orodha za kusubiri zikiwemo. Anayengoja simu ya chuo kingine asiikimbilie kwa kuwa imefunguliwa tu. Tarehe ya mwisho ya kuibonyeza hupangwa na chuo kilichomkubali. Aitafute kwenye barua ya udahili, kwa sababu akiipitisha anaweza kupoteza nafasi.

Aliyepata vyuo vingi anatakiwa abaki na visivyozidi vitatu ifikapo 15 Aprili, na kimoja ifikapo 30 Aprili.

Kasoro kubwa ni kwamba kubonyeza hakukutoi popote. Kujitoa ni kazi yako, kwa kila chuo na utaratibu wake: kingine barua pepe, kingine fomu kwenye tovuti yake. Hili lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wenyewe.

Mlango wa orodha za kusubiri haufungwi siku ya kipindi cha kwanza. Unafungwa mapema zaidi, unapoanza siku za utambulisho wa wanafunzi wapya zinazotangulia masomo. Kuanzia hapo vyuo vingine havipaswi kukupa nafasi, nawe una wajibu wa kujitoa kote.

Ukiitwa Julai, muda wa kujibu unaweza kuwa siku chache. Omba kwanza uthibitisho wa nafasi hiyo kwa maandishi pamoja na makadirio ya ada na mikopo. Ukikubali, badilisha chaguo, andikia chuo cha kwanza siku hiyohiyo, kisha ongeza namba ya chuo kipya kwenye FAFSA (fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za masomo), la sivyo fedha zitachelewa. Uliza pia kama amana uliyolipa chuo cha kwanza inarudi. Kodi ya nyumba uliyokwisha kulipa ni kati yako na mwenye nyumba.

Maombi ya TMDSAS (mfumo wa Texas) na AACOMAS (mfumo wa vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya udaktari ya DO) yana taratibu zake.