Barete ya RAM kwa laptopu ya zamani: tafuta herufi L kabla ya kutoa dola

Malalamiko ya Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nguba, yanafanana. Laptopu ya giga 4 inaandika kwamba "mémoire virtuelle" haitoshi. Mwenyewe ananunua barete ya RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya kazi, anaipachika, kioo kinabaki cheusi. Taa inawaka, feni inazunguka, basi. Muuzaji anasema mashine imekufa. Mara nyingi mashine ni nzima, barete ndiyo haiifai.

RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili la pagefile.sys ndani ya disiki; hiyo ndiyo mémoire virtuelle. Disiki dure ya kuzunguka haiwezi mwendo huo, ndiyo maana mashine hukwama. Bonyeza Win na R, andika sysdm.cpl, ingia Paramètres système avancés, Performances, Avancé, Mémoire virtuelle, uchague "Taille gérée par le système". Ujumbe utaondoka, uzito utabaki. Na kama Windows yako ni ya 32 bits, usinunue kitu bado: haitatumia zaidi ya giga 4.

Sasa herufi yenyewe. Barete za DDR3, RAM ya laptopu nyingi za zamani, ziko za aina mbili zinazofanana kwa macho na zinaingia tundu moja: PC3 hutaka volti 1,5, PC3L hutaka 1,35. Laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, kama ThinkPad T440 au EliteBook 840 G1, zinataka L. Ukiziwekea PC3 tupu, nyingi hukataa kuwaka. PC3L hukubali volti zote mbili, kwa hiyo hata laptopu ya kizazi cha pili ipelekee L. Mwishoni mwa maandishi ya karatasi iliyobandikwa kwenye barete angalia pia S, yaani ya laptopu. U ni ya kompyuta ya mezani, R ni ya seva. Unachotafuta ni PC3L-12800S.

Namba moja kwangu ni Samsung, hata ikiwa imetumika, bora kuliko mpya isiyo na jina. Sababu ni kwamba namba yake inasomeka: baada ya kistari, YK0 ni volti 1,35, CK0 ni 1,5. Karatasi ikichubuka, soma kinachobaki. Chukua giga 8 moja, si 4 mbili. Tundu la pili libaki wazi ikiwa lipo.

Ya pili ni Crucial au Kingston, mradi L ionekane. Ya tatu ni SSD ya SATA, disiki isiyozunguka, ya giga 240: inapunguza maumivu ya pagefile, lakini haiongezi RAM. Barete za bei rahisi zisizo na karatasi, ziache.

Kinachoudhi ni bei. Wauzaji wengi wanataja "DDR3" tu, PC3 na PC3L kwa dola zilezile, na ukirudi kesho wanasema kitu kilichofunguliwa hakirudishwi. Mzigo wa hasara unamwangukia mwanafunzi aliyejinyima miezi. Kwa hiyo nenda na laptopu yako. Zima, toa betri, ingiza barete kwa mshazari, isukume chini hadi vibanio viwili vilie. Rudisha betri, iwashe, kisha endesha mdsched, kipimo cha RAM cha Windows, hapohapo dukani. Muuzaji akikataa kupima, toka na pesa yako.