Ripea kiti ya kabureta ya Toyota 22R: inatibu nini, na nini haigusi kabisa

Pikapu za Hilux za miaka ya 1980 zenye injini ya 22R, ile ya cc 2,366 na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya kampuni ya Aisan yenye midomo miwili, zina ugonjwa mmoja unaojirudia: zinazima. Ukienda dukani utapewa moja ya tiba tatu: ripea kiti (pakiti ya vipuri vidogo vya kukarabatia kabureta), kabureta nzima ya nakala, au Weber 32/36, yaani kabureta ya kampuni nyingine. Hapa tunaipima zaidi ripea kiti kwa sababu ndiyo ya bei rahisi, na ndiyo inayolaumiwa bure kuliko zote.

Fungua pakiti uone ulichonunua. Ndani kuna gasketi ya kifuniko na ya shingo, sindano ya petroli na kikalio chake, washa, vipira, klipu, pampu ya akseleta, na karatasi ya vipimo vya boya. Sasa angalia ambavyo kwa kawaida havimo: solenoidi ya kukata petroli, insuleta ya chini ya kabureta, bushi za shafti ya thrato (mhimili wa kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta). Hivyo vitatu vinazimisha 22R nyingi tu, na ndiyo maana mtu anafunga kiti mpya asubuhi na jioni gari linazima kwenye taa zile zile.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza linazima wakati gani.

Likizima kwenye sailensa tu (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), lakini ukikanyaga mafuta linatembea safi, anza na solenoidi. Ni kichupa kidogo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa kabureta, chenye waya. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa plagi ya waya wake, kisha irudishe. Lazima usikie "tik". Usiposikia, pima kama volti 12 zinafika. Zikifika na iko kimya, solenoidi imekufa, na kiti haitakusaidia. Ikilia vizuri, mshukiwa anayefuata ni jeti ndogo ya sailensa iliyoziba, au hewa inayoingia pasipotakiwa.

Hewa ya wizi kwenye 22R hupenda kupita kwenye insuleta, kile kibao cheusi kati ya kabureta na manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko ndani ya injini. Joto la miaka mingi hukipasua, na ufa hauonekani mpaka ukitoe na kukipinda kidogo kwa vidole. Namna rahisi ya kujua: injini ikiwa ya moto, funika mdomo wa kabureta kidogo kwa kipande cha ubao, au vuta choki kidogo. Sailensa ikipanda na kutulia, mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi kuliko petroli. Kisha bana mipira ya vakyumu (inayobeba mvuto wa hewa wa injini) mmoja mmoja kwa koleo, hasa ule mnene wa busta ya breki, uone ni upi ukibanwa sailensa inatulia. Gari linalozima kila ukikanyaga breki mara nyingi lina diaframu (utando wa mpira) ya busta iliyotoboka, na kabureta inasingiziwa. Mwenye geji ya vakyumu atarajie inchi 17 hadi 21 za zebaki usawa wa bahari, sindano ikiwa imetulia. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, toa kama inchi tano kabla hujaanza kuhukumu injini.

Likizima baada ya mwendo mrefu au katikati ya mlima, halafu likawaka baada ya kupumzishwa, toka kwenye kabureta kabisa. Kwanza fungua mfuniko wa tangi; ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Badilisha chujio. Halafu pampu: ya 22R iko mbele ya silinda hedi na inasukumwa na kamshafti. Chomoa waya wa koili, ingiza mpira wa petroli kwenye chupa, piga stata sekunde chache. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, siyo kudondoka. Nusa na dipstiki. Oili ikinuka petroli, diaframu ya pampu imechanika na inamwaga petroli ndani ya injini. Hilo usiliendeshe.

Kuna kipimo kimoja ambacho kinastahili kufanywa dakika ile ile gari limezima, kabla halijapoa. Toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia ndani ya kabureta, na vuta wenzo wa akseleta kwa mkono. Ukiona uzi mwembamba wa petroli unaruka, petroli ipo. Geukia umeme wa kuwasha: koili, ignita na nyaya. Kabureta hizi pia zina kidirisha cha kioo kwa mbele, na petroli inatakiwa ikae kwenye alama yake. Ikiwa imejaa hadi juu na gari linanuka na kutoa moshi mweusi, sindano haifungi. Hapo ndipo ripea kiti inapokula pesa yako kihalali.

Na kweli, kwa kufurika, kwa gasketi zilizokauka, kwa gari linalokwama ukikanyaga ghafla, kiti ni tiba sahihi. Nenda dukani na sindano ya zamani mfukoni, maana kabureta za 22R hazifanani zote kulingana na soko gari lilikouzwa. Lalisha gasketi mpya juu ya ya zamani: tundu moja likizibwa, umeharibu njia nzima ya sailensa. Osha kwa dawa ya kopo na upepo wa kompresa. Waya kwenye jeti ni marufuku, shaba hukwaruzika na kipimo kinapotea. Kuwa mwangalifu ukiipindua kabureta: chini ya pampu ya akseleta na kwenye njia yake ya kutokea kuna gololi ndogo za chuma ambazo hubiringika mezani na kupotelea chini ya gari la jirani. Weka sinia lenye kingo. Gololi ikikosekana, gari litawaka vizuri na kukwama kila unapoondoka, na lawama itaenda kwa kiti.

Baada ya kufunga, seti injini ikiwa ya moto. Skrubu ya mchanganyiko iingize taratibu mpaka iguse, irudishe mizunguko michache, kisha itafutie mahali injini inapokimbia zaidi. Kwa gari la gia za mkono, fikisha mizunguko 740 ya injini kwa dakika, halafu ingiza ile skrubu ya mchanganyiko hadi ishuke 700.

Kabureta ya nakala tungeinunua kwa sababu moja tu: shafti ya thrato ya zamani ikitikisika ukiishika kwa vidole. Hakuna kiti inayoponya hilo. Ila iweke rula ya chuma chini ya kitako chake uone kama mwanga unapita, na isuuze kabla ya kufunga, maana unga wa chuma kutoka kiwandani huziba jeti siku ya kwanza.

Weber 32/36 ni nzuri, inavuta, na mafundi wanaiseti haraka. Inataka bamba la kuiunganisha na manifoldi, na haipendi msukumo wa petroli unaozidi takribani psi 3.5. Pampu ikizidisha, funga regyuleta ya kupunguza msukumo, la sivyo Weber mpya itafurika kuliko Aisan uliyoitoa. Anayeishi juu milimani aulizie pia jeti ndogo zaidi kabla hajaondoka dukani.