Kuimarisha fremu ya pikipiki ya mizigo Mtwara mjini: hali baada ya msimu wa korosho

Pikipiki ni ya cc 150. Niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea aimarishe fremu ya nyuma, pale paipu za chini ya kiti zinaposhika kichwa cha shokapu. Nyufa nyingi za pikipiki za korosho huanzia hapo. Gunia la kilo 80 likikaa sentimita 30 nyuma ya shokapu huikunja fremu kwa karibu nyutonimita 235 (kipimo cha nguvu ya kukunja), na tairi likitumbukia shimoni nguvu hiyo huweza kuzidi mara mbili.

Kazi ilichukua nusu siku, shilingi 45,000 na vifaa vyake. Tangi la mafuta lilitolewa kwanza, kisha waya hasi wa betri na plagi ya CDI (kifaa cha umeme kinachowasha cheche za injini) vikachomolewa. Kibanio cha ethi, yaani cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kilibanwa jirani kabisa na mshono. Hili ni muhimu: kikibanwa kwenye gurudumu, umeme hupitia kwenye beringi na kuacha vidonda kwenye golori. Ufa ulitobolewa tundu la milimita 3 kwenye ncha yake ili usiendelee, ukachimbwa kwa grenda, ukajazwa kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5. Juu yake likaja bati la pembetatu la milimita 3, kila upande.

Ninampa fundi heshima kwa kukataa kuchomelea nondo. Wengi huku huomba nondo ilazwe juu ya paipu, lakini pale inapoishia panabaki kona ngumu, na paipu hukatikia hapohapo. Anayetaka ugumu aongeze kipenyo: paipu ya milimita 28 badala ya 22, unene wa ukuta wake ukiwa uleule, hukaza karibu maradufu.

Kasoro ni mbili. Bati la kushoto mshono wake ulizungushwa hadi kwenye ncha, ukaivuka paipu kwa upana. Ulitakiwa kufuata urefu wa paipu na kukoma kama sentimita moja kabla ya ncha. Baada ya miezi minne pameonekana ufa mwembamba kama unywele. Kasoro ya pili ni rangi, iliyopakwa juu ya magamba ya kuchomea bila brashi ya waya wala praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu). Kwa upepo wa chumvi wa huku pwani, imebambuka na kutu imeingia.

Kilichonifaa kuliko yote hakikuhitaji hata moto mwingi: keria ilisogezwa mbele sentimita 10. Hilo peke yake limepunguza mkunjo kwa theluthi moja, na mlima wa Newala ukiupanda na mzigo, usukani hauelei tena.

Nitarudi arekebishe ule upande wa kushoto. Ukienda, mwonyeshe kwa chaki mshono ukome wapi kabla hajawasha mashine, na beba praima yako.