Prosesa Iliingia, Picha Haikutoka: Miezi Minane na Ryzen 5 5600 kwenye Mazabodi ya B450

Kompyuta yangu ya gemu niliidunduliza karibu mwaka mzima. Nilinunua kifaa kimoja kimoja na kukifungia kabatini mpaka cha mwisho kilipopatikana. Hapo ndipo nilipokosea kwanza, kwani siku ninaunganisha, muda wa kurudisha mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, dukani ulikuwa umeshapita.

Nilichukua prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM mbili za DDR4 za GB 8 kila moja, kadi ya picha Radeon RX 6600, SSD ya NVMe ya kuhifadhia data na pawa saplai ya wati 550. Muuzaji wa Kariakoo aliniambia, "Zote AM4 hizo mdogo wangu, zinaingiliana, wala usiwe na shaka." AM4 ni aina ya soketi, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. Na kweli ziliingia. Prosesa ilikaa kwenye soketi bila kulazimishwa, nikaibana, nikafunga na feni iliyokuja nayo kwenye boksi. Kuwasha, feni zote zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi.

Usiku ule sikulala. Nilichomoa RAM na kuzirudisha, nikabadilisha kebo, nikahamishia HDMI kwenye tundu la mazabodi. Hilo la mwisho lisingenisaidia kitu: 5600 haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, wenye uwezo huo ni 5600G.

Kesho yake fundi mmoja aliitazama mazabodi na kuniuliza imekaa dukani tangu lini. B450 zilianza kutoka 2018, prosesa yangu ni ya 2022. BIOS iliyokuwamo, yaani programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, ilikuwa ya zamani, haikuitambua prosesa yangu kabisa. Akachomeka prosesa ya zamani aliyokuwa nayo, Ryzen 5 2600, akasasisha BIOS kwa flashi, akairudisha prosesa yangu. Picha ikatoka. Nilimshika mkono kwa furaha.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaojenga kwa mara ya kwanza, soketi inakuhakikishia kwamba pini zitaingia, basi. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, tafuta modeli yako kwa jina lake kamili, kisha fungua orodha ya prosesa inazozikubali. Kando ya kila prosesa kumeandikwa toleo la BIOS inayohitajika. Muulize muuzaji iliyomo ni ipi kabla hujatoa hela. PCPartPicker, tovuti ya kuangalia kama vifaa vinaendana, ni msaada mkubwa na ninaipendekeza, lakini haiwezi kujua boksi unalouziwa limekaa rafuni miaka mingapi.

Kuna tofauti nyingine hazina madhara. RX 6600 ni ya PCIe 4.0 (njia inayounganisha kadi na mazabodi) na B450 yangu inatoa 3.0, lakini kadi inafanya kazi vizuri tu. Lakini RAM za DDR4 na DDR5 hazina mjadala: pengo la katikati haliko mahali pamoja, haziingiliani. RAM zikiwa mbili, ziweke tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, halafu washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake, ndani ya BIOS. Zangu zimeandikwa 3200, ila kabla ya hapo zilikuwa zikitembea kwa 2133, na nilikaa wiki tatu bila kujua.

Umeme unatosha. Kadi inakula wati 132, prosesa ni ya wati 65. Kuwa makini na kebo mbili za pini nane zinazofanana: ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi sita kwa mbili. Ikigoma kuingia, usiisukume. Kadi yenyewe ina sentimita 28, na nilipima kasha kwa rula dukani kabla ya kulipa.

Miezi minane sasa, kwenye kioo cha 1080p, gemu za mpira na za magari zinakwenda laini bila kukwama. Kwa bei yake, 5600 nimeipenda mno. Kero ni ile feni ya kwenye boksi: joto la Dar la Februari likishika, inapiga kelele mpaka chumba cha pili, na nitaibadilisha.

Mwezi ujao tunaanza ya mdogo wangu. Safari hii nimetafuta mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi hata prosesa ikiwa haijafungwa, na tutaiwasha siku hiyo hiyo ya kuinunua.