Taiti ukishavuka miaka 60: nilizobaki nazo na nilizozigawa

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze muda. Katika taiti zote nilizonunua tangu nistaafu, zilizonifaa ni zile nzito za pamba, zenye kiuno kipana, zinazofika kwenye kifundo cha mguu, nyeusi au bluu ya giza, zikivaliwa na vazi la juu linalofunika makalio yote na kushuka angalau nusu ya paja. Nyepesi za kung'aa, zinazoishia nusu ya mguu, na zile zilizochapwa zionekane kama jinzi, nimezigawa. Sababu ndizo ndefu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Wajukuu ninao, tumbo ninalo, hipsi ni pana, na vigimbi nimerithi kwa upande wa baba. Mwanamke wa rika langu mjini hapa si mgeni wa taiti. Tumeivaa miaka yote chini ya dera na chini ya gauni: ya kupandia bodaboda, ya kukwea daladala lenye ngazi ya juu, ya kuzuia mapaja yasisuguane joto la Februari likipamba moto. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaitoa nje, mguu unaonekana, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Dada yangu mkubwa aliniangalia siku moja akaniuliza, "Kwani kitambaa cha hilo gauni kiliisha?"

Basi msimamo wangu ni huu: taiti ni mguu, siyo suruali. Ukiichukulia kama suruali utaivaa na fulana ya kuishia kiunoni, na kila kilicho chini yake kitajichora: mstari wa chupi, mkunjo wa tumbo, hata noti uliyoificha kibindoni. Ukiichukulia kama soksi nene iliyopanda mpaka kiunoni, mwenyewe utatafuta vazi kamili la kuweka juu yake. Msichana wa miaka 20 anaweza kulivunja sharti hili na akapendeza. Mimi silivunji.

Kitambaa kwanza. Kariakoo, Mtaa wa Kongo, taiti zimetundikwa kwa mafungu na kila muuzaji ana wimbo mmoja: "Frii saizi hiyo mama, inavutika." Inavutika kweli. Swali ni inakuwaje ikishavutika. Kitambaa chepesi kikifika kwenye paja la mtu mzima nyuzi zinaachana, nyeusi inageuka kijivu, na mwanga wa jua unamaliza kazi. Kwa vile pale hakuna chumba cha kujaribia, ninaingiza mkono ndani ya mguu wa taiti, nakunja ngumi, kisha naivuta mpaka ikaribie upana wa paja langu, nageukia kwenye mwanga. Nikiiona pete yangu, naiacha. Kijana mmoja alinijia juu: "Mama, utaichana!" Nikamwambia, "Mwanangu, kama inachanika kwa ngumi, kwa paja hili itafika Tabata?" Akacheka, akainama chini ya meza akanitolea nyingine, nzito. Tofauti ya bei ilikuwa kama mara tatu: ile nyepesi alikuwa akiitaja shilingi 5,000, hii akaanzia 15,000. Nililipa bila kujiuma, na ndiyo ninayoivaa zaidi ya zote mpaka leo.

Lebo isome, lakini usiitegemee peke yake. Nzuri nilizonazo zimeandikwa pamba asilimia 95 na spandex asilimia 5, na kwa kutembea mjini hiyo 5 inatosha. Bila hizo nyuzi za kuvutika, magoti yanatoka vifuko kabla ya saa sita mchana. Za mazoezi ni nailoni au poliesta, na spandex inaweza kufika asilimia 20 na zaidi. Zinabana vizuri, hazilegei, zinakauka upesi, ila kwa joto la pwani ukikaa nazo kutwa utajuta, hasa sisi ambao joto la mwili linapanda lenyewe bila kuitwa. Hizo nazivaa asubuhi tu, kutembea ufukweni Coco Beach, na nikirudi navua. Wasiwasi wako ukiwa kama lebo inasema kweli, chomoa uzi mmoja nyumbani uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ya plastiki inayeyuka na kuganda kijiwe kigumu. Nyumbani, nimesema. Usiombe kiberiti dukani kwa watu.

Hizo nyuzi za kuvutika zina historia iliyonifurahisha. Zilibuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia wa kampuni ya DuPont, Joseph Shivers, na kusudio lilikuwa kupata mbadala wa mpira kwenye nguo za ndani za wanawake za kubana tumbo. Kwa hiyo tumbo letu lilikuwamo kwenye hesabu tangu mwanzo. Wanaosema taiti ni ya vigoli waambieni hilo.

Tukiwa hapo hapo tumboni: kiuno ndicho kinachonitenganisha na nusu ya taiti za Kariakoo. Nyingi zina mpira mwembamba, wa upana wa kidole, uliopitishwa kwenye pindo. Mpira ule unaligawa tumbo mafungu mawili, juu na chini, na vazi lolote utakalovaa litaonyesha hayo mafungu. Aliyejifungua kwa upasuaji anajua vizuri mpira huo unakaa wapi. Kiuno kinachofaa ni kitambaa chenyewe kilichokunjwa mara mbili, kipana kama kiganja au zaidi, kinachopanda juu ya kitovu na kutulia pale. Kabla ya kukata lebo, ivae, kaa kwenye kigoda, inuka, kaa tena. Kiuno kikijiviringisha kushuka, kitajiviringisha hivyo hivyo harusini. Na nunua kwa kufuata hipsi, siyo kiuno. Ile mbinu ya mitumbani ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni haina maana hapa, kwani taiti itavutika mpaka ikukubalie uongo wowote. Wala herufi zisikutishe: nyingi zinazoingia sokoni zimekatwa ndogo, na XXL ya fungu hili inaweza kuwa sawa na L ya fungu lile. Kata lebo utupe, hakuna atakayejua.

Sasa urefu, na hapa ndipo niliposhinda. Jicho la mtu husimama pale kitambaa kinapoishia. Taiti inayoishia katikati ya mguu inalisimamisha jicho kwenye kigimbi, sehemu nene kuliko zote chini ya goti, na mguu mzima unaonekana mfupi na mnene. Ile inayoshuka mpaka kwenye mfupa wa kifundo inaishia pembamba. Ndiyo siri yote. Hata kwa vazi la juu ni hivyo hivyo: pindo likitua pale paja lilipo nene zaidi, linaongeza; likitua chini ya hapo, paja linapoanza kupungua kuelekea gotini, linapunguza. Kwangu mimi pindo zuri ni upana wa vidole vinne juu ya goti. Mwembamba anaweza kupanda, mfupi asishuke mpaka magotini kwa sababu mguu utamwishia.

Nguo za juu ndizo zilizonigharimu. Fulana ndefu za kuvutika nimezijaribu: zinanata kwenye taiti na kuchora vyote vilivyotakiwa kufichwa. Dera lililokatwa likawa fupi ni turubai. Upana wake uliundwa kwa ajili ya kushuka mpaka chini, ukilipunguza urefu unabakiza upana mtupu. Shati la kiume la mtumba, la pamba, lenye pindo la mviringo linaloshuka zaidi nyuma, hilo ni mali. Ninalo jeupe nililolipata soko la mitumba la Karume kwa bei ya chai na vitafunwa, nalivaa na taiti nyeusi, nakunja mikono mara mbili, nashika njia.

Lakini wa kwanza kwenye orodha yangu ni kitenge. Kitenge cha pamba kina ugumu fulani, kinasimama chenyewe, hakilalii mwili. Nilimpelekea fundi wangu yadi mbili na nusu nikamwambia nataka blauzi ndefu, ianze kufunguka chini ya kifua, ivuke makalio, iwe na mipasuo ubavuni. Akanitazama. "Mama, kwa nini tusishone gauni tukamaliza?" Nikamwambia ashone nilivyosema. Ya kwanza ilikuwa nzuri ila ilikuwa ikipanda nikitembea, kwa sababu pamba juu ya pamba zinashikana, hatua kumi tu pindo liko kiunoni. Dawa ilikuwa mbili: bitana laini kwa ndani kuanzia kiunoni kwenda chini, na mipasuo ianzie nyongani badala ya kuwa midogo ya urembo. Mipasuo inaliacha vazi lifuate mguu bila kuvutwa nao.

Na nilipoivaa hiyo ya pili mbele ya kioo nikacheka mwenyewe, maana nilikuwa nimelizunguka jambo ambalo dada zetu wenye asili ya Kihindi wamelivaa mbele ya macho yetu miaka yote, hapa, Zanzibar na Mombasa. Panjabi ni hiyo hiyo: vazi refu lenye mipasuo mirefu ubavuni, na chini yake, kwa wanaopenda ya kubana, suruali iliyokatwa ndefu kusudi ijikusanye mikunjo kwenye kifundo. Bibi wa miaka 75 anaivaa, anapanda ngazi za hekalu nayo, na hakuna anayemuuliza kitambaa kiliishia wapi. Usipokuwa na fundi mzuri, nenda kwenye maduka ya panjabi ununue vazi la juu peke yake. Mengi yanauza hivyo.

Rangi sina maneno mengi. Taiti iwe nyeusi au ya giza, isiyong'aa. Kitambaa cha kung'aa kinapeleka mwanga kwenye kila kinundu. Kijivu kinaonyesha jasho. Nyeupe muwaachie wauguzi. Maua na michoro yakae juu, kwenye kitenge, kwani ya kitenge peke yake yanatosha mtaa mzima.

Zile za kuiga jinzi: mifuko ya kuchora, zipu ya kuchora. Nilivaa, mjukuu akajaribu kuingiza pipi kwenye mfuko usiokuwepo. Nikampa mama yake.

Niliagiza pia mtandaoni, kwa muuzaji nisiyemtaja, picha ikionyesha taiti nene kweli kweli. Zilipofika nilifanya jaribio la ngumi sebuleni nikaiona pete, nikaona na kucha. Kurudisha haikuwezekana. Tangu hapo taiti nanunua kwa mkono.

Ninapozivaa: sokoni, benki, kwa fundi, na zaidi ya yote kwenye basi la kwenda Lushoto, ambako baridi yake ndiyo inayoipa taiti heshima yake, unaongeza sweta refu na mtandio, basi. Msibani sivai. Pale watu wanakaa chini mkekani, na khanga ndiyo yenyewe. Kwenye basi angalia kitu kimoja: ukishuka, vua kiatu utazame kifundo. Pindo likiwa limeacha mtaro kwenye ngozi na mguu umevimba, taiti hiyo ni ndogo, usiivae tena safarini. Mwenye kisukari asilipuuze hilo hata kidogo. Na muuzaji akikwambia inatibu mishipa ya miguu, mshukuru uendelee na safari. Soksi za tiba za kubana zina vipimo vyake na daktari ndiye anayezipanga.

Viatu: makubazi au raba nyepesi. Kiatu chenye mkanda mnene wa kuzunguka kifundo kinakurudisha kwenye lile tatizo la jicho kusimama mahali pabaya.

Kuzifua ni maji ya baridi, umezigeuza ndani nje, uanike kivulini. Dawa za kutoa madoa zenye klorini na pasi ya moto ndivyo vinavyoua zile nyuzi za kuvutika, na jua la saa saba mchana linaifubaza nyeusi upesi kuliko unavyodhani. Msaidizi wa nyumbani mwambie mapema, maana mazoea ni kuanika kila kitu juani.

Nilichokosa kwenye taiti zote nzuri ni mfuko. Za mazoezi zinao pajani, ila simu ikikaa pale inaongeza paja, na vazi la juu linaifunika usiifikie. Fundi wangu sasa ananishonea mfuko kwenye mshono wa ubavu wa blauzi, juu ya mpasuo, wenye kina cha kutosha simu na nauli, kwa nyongeza ya shilingi 2,000. Mwambie wako kabla hajakata kitambaa. Akishakata atakubandikia mfuko kwa juu, na mfuko wa kubandika unakwenda kukaa kwenye hipsi moja kwa moja.