Boti ya fiodi Tromsø nikiwa na shangazi: kuvua raha, ila vichwa vya samaki ndo palikuwa na ugomvi

Nimerudi Oslo juzi, na kwa kuwa kila mtu ananiuliza ile trip ya boti inalipa au hailipi nimeona niandike mara moja yaishe. Jibu fupi, inalipa, ila sio kwa sababu zile wanazozitangaza wao. Jibu refu ndo hili hapa.

Mimi mtu wa Tanga, nimekulia Sahare, baba alikuwa anavua mshipi, huku Norwei naingia mwaka wa saba na sikuwahi kukanyaga boti ya kuvua hata siku moja, aibu tupu. Sasa mwaka huu shangazi kaja kututembelea. Ana miaka 64 na zaidi ya nusu ya hiyo kaimalizia kwenye karai la samaki, anakaanga na kuuza, samaki wa jana na wa leo anawajua kwa kuwatazama macho tu. Tukamtembeza Oslo, makumbusho, majumba, bustani za masanamu, anaitikia kwa adabu tu "maashallah, maashallah", siku ya nne akiwa anakunywa chai akauliza, "Hivi bahari yao iko wapi hawa, au wameificha?" Basi nikakata tiketi za ndege za kwenda Tromsø.

Kwa asiyejua, Tromsø iko juu huko kabisa, kama kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Tulienda katikati ya Aprili baada ya Idi na hiyo niliipanga makusudi, maana kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, halafu kuanzia kama tarehe 20 Mei hadi wiki ya tatu ya Julai halizami, sasa mimi nianze kumweleza shangazi magharibi inaingia saa ngapi? Aprili unapata mchana mrefu, usiku upo, na milima bado nyeupe peee.

Bei ilikuwa krona 1,450 kwa kichwa, masaa matano, ndani yake kuna kutembezwa, kuvua na mlo wa samaki. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na shangazi. Usiigeuze kwenye shilingi utakosa usingizi.

Saa tatu na nusu asubuhi tuko gatini, boti ndogo tu, abiria kumi na wawili, nahodha mzee mmoja kimya hasemi, na binti mmoja ndo muongozaji. Kabla ya kupanda wanawavesha yale maovaroli mazito ya kuelea, ukianguka baharini yanakushikilia juu na baridi haikuingii haraka. Hapa niwape pongezi, yalikuwa makavu na safi na saizi zote zipo, shangazi alivaa juu ya dera, juu ya sweta mbili, juu ya koti langu, na mtandio kichwani, akawa anatembea mikono imetanuka kama mtoto aliyevalishwa nepi kubwa. Ila nendeni CHOONI KABLA. Nasema kwa herufi kubwa. Choo cha kwenye boti kinaenea mtu mmoja mwembamba, na kulivua lile ovaroli humo ndani boti ikiyumba ni kazi ya dakika kumi na tano, mke wangu alitoka anatokwa na jasho wakati nje ni nyuzi tatu chini ya sifuri.

Mandhari sasa. Ukitoka bandarini unaliona lile daraja refu lililofunguliwa 1960, zaidi ya kilomita moja, na ng'ambo yake kanisa maarufu la Ishavskatedralen la mwaka 1965, limejengwa pembetatu pembetatu nyeupe. Watu wote kimya wanapiga picha, shangazi akasema "sambusa hizo zimesimamishwa", na mimi tangu siku hiyo siwezi kuliona kanisa lile vingine. Boti ikazunguka kichwa cha kusini cha kisiwa chenye mji, ikaelekea magharibi upande wa kisiwa jirani cha Kvaløya, na hapo ndo unaanza kuelewa fiodi ni nini. Ni hori tu, mkono wa bahari umepenya nchi kavu kama pale Mtwapa, tofauti ni kwamba hori hii imechimbwa na barafu, mito ya barafu minene ilikuwa inajikokota kuteremka kwa maelfu ya miaka inakwangua mwamba, ilipoyeyuka bahari ikaingia ikajaza lile bonde. Ndo maana milima inashuka wima mpaka majini, na ukidhani chini kuna mchanga kama kwetu kumbe ni shimo. Na huko kaskazini bahari kwa kawaida haigandi kwa sababu kuna mkondo wa vuguvugu unaopanda kutoka Atlantiki, vinginevyo tungekuwa tunatembea juu yake.

Tukapita kisiwa cha Håkøya, pale ndo ilipozamishwa Tirpitz, ile manowari kubwa ya Wajerumani, tarehe 12 Novemba 1944, ndege za Waingereza ziliipiga kwa mabomu ya tani tano na zaidi ikapinduka na watu karibu elfu moja wakafa humo. Binti alieleza kwa sauti ya chini vizuri sana bila mbwembwe. Shangazi alisoma fatiha. Sikumuuliza kamsomea nani.

Halafu wakaja tai. Hawa tai wa baharini wenye mkia mweupe ni wakubwa jamani, mabawa yakifunguka yanapita mita mbili, nahodha alirusha kipande cha samaki mmoja akashuka kama kaachiwa kamba, miguu mbele, kaondoka nacho na maji hayajaruka. Picha yangu imetoka ukungu mtupu.

Haya, kuvua. Hii ndo sehemu iliyofanya nisijutie hela. Boti inazimwa injini, maji kama mita 60 hivi, kila mtu anapewa ufito wenye rili na mwisho wa uzi kuna kipande cha chuma kinang'aa kama kisamaki kina ndoana ya meno matatu. Hakuna chambo. Shangazi akaniambia "muulize chambo kiko wapi", nikauliza, binti akasema hakuna, chuma ndo chambo. Shangazi akanitazama kama mimi ndo nimemdanganya. Unaachia mpaka uzi ulegee ujue kimegusa chini, unavuta juu kama mita mbili, halafu unainua unashusha, unainua unashusha. Wageni wengine walikuwa wanafanya kwa fujo kama wanatwanga. Shangazi alijaribu ule ufito dakika tano, akaona unamchelewesha, akashika uzi wenyewe kwa vidole, glavu kavua, wanasema msivue glavu yeye kavua, kaulaza uzi juu ya kidole cha shahada kama baba alivyokuwa anafanya, na macho kayafumba. Binti akataka kumsahihisha, nahodha kutoka kule ndani akatikisa kichwa, mwache. Dakika mbili haziishi akasema "huyo" na kweli huyo.

Alikuwa torsk, ndo chewa wao wa huku, mwili wa kijani kahawia una madoa, mstari mweupe ubavuni na kidevuni ana kindevu kimoja kama ustadhi kijana. Kilo nne na kitu. Kufikia mwisho shangazi kapata sita, mimi wawili, mke wangu mmoja, na jamaa mmoja mwenye ufito wake mwenyewe wa bei mbaya aliokuja nao kwenye boksi hakupata kitu, masikini. Kuna sei pia, mweusi mgongoni, anapigana kuliko torsk.

Mambo mawili yalimshangaza shangazi. La kwanza wanapima samaki kwa rula, torsk akiwa mdogo kuliko kipimo kilichowekwa anarudishwa majini, sheria. Mmoja alikuwa na sentimita 42, binti kambusu kamrusha, shangazi akabaki mkono hewani, "huyo alikuwa wa kukaanga kabisa!" La pili, samaki akishatolewa wanampiga kichwani kisha wanamkata koo damu itoke nyama iwe nyeupe. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Samaki anachinjwa! Mtume katuruhusu tumle hivyohivyo, hawa wamejiongezea kazi." Nikamtafsiria binti, naye akacheka.

Kicheko kikaishia pale walipoanza kupasua. Binti ana kisu kirefu chembamba, anatoa mnofu pande mbili safi, na mgongo wote na KICHWA anavirusha kwa ndege. Kichwa cha kwanza shangazi alidhani kimemponyoka. Cha pili akasimama. "Mwambie aache." Nikasema shangazi ndo utaratibu wao. "Utaratibu gani, kichwa cha kilo nzima, mashavu yale, macho yale, mwambie aache." Nikamwambia binti kwa Kinorwei cha kubembeleza kwamba mama huyu anaomba vichwa, binti akawa mwekundu, akasema kwao pia hawatupi, kwenye viwanda vichwa vinakaushwa kwenye vichanja nje kwenye baridi vinasafirishwa Nigeria, na ndimi zinakatwa na watoto wa shule kama kibarua cha kujipatia hela, hapa kwenye boti wanatupa tu kwa kuwa watalii hawataki kuviona. Basi shangazi akatwaa kisu. Sijui kiusalama inaruhusiwa au hairuhusiwi, ila alichukua vichwa vitano, akatoa matamvua, akaosha, na maini pia akayadai. Hapo nahodha ndo akasema neno lake la kwanza siku nzima, kwamba huku kaskazini wanakula samaki na ini lake na mayai yake kwenye sahani moja, wanaita mølje, na akamchemshia shangazi kipande cha ini pembeni. Ndo yale mafuta ya samaki tuliyokuwa tunashikwa pua tunyweshwe utotoni, sasa yakiwa moto na chumvi ni kitu kingine.

Mlo wenyewe ndo unaonifanya niwapunguzie nyota. Wanatangaza "kula ulichovua" ila supu ilishapikwa nchi kavu, ikapashwa tu, samaki wetu walikuja kuchemshwa mwishoni, kipande kimoja kila mtu, na viazi. Supu ya maziwa mazito, karoti, liki, kamba wadogo, nzuri ukiwa na baridi, ila haina ndimu wala pilipili, na chupa yetu ya pilipili tuliisahau juu ya friji. Shangazi akasema ni ya mgonjwa aliyetoka kulazwa. Haya hayo ni mazoea. La kuniudhi ni kwamba nilivyokuwa nabuki niliandika, tena mara mbili, hatuli nguruwe, na bakuli likaja limenyunyiziwa vipande vya bekoni juu, maana huku bekoni na torsk ni kama pilau na kachumbari. Bahati mke wangu kanusa kabla. Waliomba radhi wakaleta bakuli jingine, lakini upawa ni uleule kwenye sufuria zote mbili, sasa sijui. Tulikula samaki na viazi tukaiacha supu. Kama nanyi hamli, msiishie kuandika, mwambieni muongozaji mdomoni kabla boti haijatoka. Nimewaandikia baadaye, wamejibu kwa ustaarabu na hawajarudisha hata krona.

Mengine ya haraka: kuvua baharini kwa ufito hakuhitaji leseni, ila kama wewe ni mgeni kuuza hairuhusiwi na kusafirisha samaki nje ya nchi kuna masharti, uliza kabla hujafunga begi. Ndani ya fiodi maji yametulia, mimi bahari hainilevyi, lakini mwanamama mmoja Mhispania alilewa palepale tuliposimama kuvua maana boti ikizimwa inayumba ubavu. Simu inakufa chaji kwa baridi, iwekeni ndani karibu na mwili. Nyota tatu na nusu kati ya tano, kuvua peke yake ningewapa tano.

Vichwa tulirudi navyo kwenye basi ndani ya mfuko wa supamaketi, na usiku ule kwenye kifleti tulichopanga shangazi akavipika kwa tui la kopo, bizari na kitunguu, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Mchuzi ule sitausahau. Asubuhi ya pili ya kurudi Oslo mwenye nyumba akanikata krona 600 za "usafi, harufu". Shangazi hajui, nimemwambia ni kodi ya serikali.