Trader Sam's, Anaheim: tamu kama juisi, kali kama ramu

Nianze na onyo, kwa sababu ndilo watu hulipuuza: vinywaji vya baa hii vina ladha ya juisi na nguvu ya pombe kali, na kichwa hukupa taarifa ukiwa umeshachelewa. Volkano, ngurumo, viti vinavyoshuka, hayo mengine yote ni burudani, na burudani yenyewe ni nzuri. Lakini anayeingia akidhani anakunywa sharubati huishia kuiona nusu tu.

Trader Sam's Enchanted Tiki Bar iko kwenye eneo la Disneyland Hotel, Anaheim, California, kando ya mabwawa ya kuogelea yenye mitelezo, jirani na mkahawa wa Tangaroa Terrace. Ilifunguliwa 2011. Huhitaji tiketi ya Disneyland wala chumba cha hoteli ili uingie. Njia isiyo na usumbufu ni kupita Downtown Disney, mtaa wa maduka na mikahawa ulio jirani, kwa miguu, mkoba ukaguliwe, kisha unyooshe mpaka hotelini. Utaratibu wa nafasi hubadilikabadilika, kwa hiyo angalia programu ya simu ya Disneyland kabla hujatoka ulikofikia, usitegemee alichokwambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Mtu wa pwani ya kwetu akisikia "baa ya hotelini yenye sura ya visiwani" hupata picha ya makuti ya Nungwi au Diani: upepo unapita, mchanga chini ya miguu, bahari ile pale. Baa ya tiki ni kinyume chake. Ni chumba chenye giza, kimejaa vinyago, vikorokoro vya meli na taa hafifu, na kazi yake ni kukusahaulisha kwamba nje kuna maegesho ya magari. Mtindo huo ulizaliwa hivyohivyo. Ernest Gantt, aliyekuja kujiita Donn Beach, alifungua baa yake Hollywood 1933, mwaka ambao marufuku ya pombe iliondolewa Marekani, na visiwa vyote vilikuwa ndani ya kuta zake nne. Kwa hiyo ukikaa Trader Sam's usitafute Tahiti wala Hawaii. Hiki ni kisiwa cha Hollywood. Kwa Wapolinesia tiki ni sanamu ya mtu iliyochongwa, na katika masimulizi ya Wamaori Tiki ni mtu wa kwanza. Huku amegeuzwa kikombe. Sam mwenyewe alikuwa mhusika wa Jungle Cruise, safari ya mashua ndani ya Disneyland, mchuuzi wa vichwa vya watu vilivyokaushwa. Disney walimwondoa kwenye safari hiyo ya mashua 2021, lakini jina limebaki mlangoni kwa baa. Mimi utani ule haunichekeshi sana, ila bora uujue mapema kuliko kuukuta kwenye menyu.

Nafasi ndiyo itakayoamua jioni yako. Ndani ni padogo, nje kuna baraza kubwa zaidi. Vinywaji ni vilevile, lakini maajabu yote yako ndani, kwa hiyo anayekaa nje analipa bei ileile na kukosa maonyesho. Ushauri wangu: fika karibu na muda wa kufungua, mchana, siku ya kazi, na uombe kukaa ndani hata kama utasubiri kidogo. Jua likishazama, foleni hukua na kelele nazo. Kuanzia saa mbili usiku wenye umri chini ya miaka 21 hawaruhusiwi ndani, na hakuna kubembelezana. Mwenye watoto aje alasiri. Kwa anayeagiza pombe, kitambulisho kinahitajika hata ukiwa na mvi. Kwa mgeni, beba pasi ya kusafiria yenyewe, maana picha yake kwenye simu haitakufikisha mbali.

Maonyesho hayaendi kwa saa, yanaendeshwa na oda. Mtu akiagiza Krakatoa Punch, volkano iliyo kwenye dirisha la bandia inalipuka, taa zinageuka nyekundu. Akiagiza Shipwreck on the Rocks, ngurumo inapiga, meli iliyomo ndani ya chupa inazama, na wahudumu wanaweza kukunyunyizia maji, basi simu iweke mbali. Baadhi ya stuli za kaunta hushuka polepole bila wewe kujua, mpaka ugundue kaunta imekufika kidevuni. Mwenye shida ya mgongo au magoti amwambie mhudumu kabla hajakaa, atapewa kiti kingine. Kwa kuwa maonyesho huonwa na chumba kizima, huna haja ya kuagiza kila kitu mwenyewe: meza ya jirani ikiagiza, nawe umeona. Dakika arobaini na tano hadi saa nzima zinatosha kuona karibu yote kwa glasi moja tu.

Kinachovuta macho zaidi ni Uh-Oa, bakuli la kushirikiana, na wahudumu huliita kwa kupiga kelele chumba kizima kiitikie. Huja na moto. Kwa kawaida baa za tiki huwasha ganda la ndimu au kipande cha mkate mkavu kilicholowekwa ramu ya asilimia 75 hivi, kwa sababu ramu ya kawaida ya asilimia 40 ikiwa baridi haishiki moto vizuri. Kisha hunyunyiziwa mdalasini wa unga. Unga ule laini unaungua ukiwa bado hewani, ndipo unaona cheche za rangi ya dhahabu na harufu inajaa kama jikoni panapopikwa pilau. Makosa hutokea hapa: watu huinama kupiga picha nywele zikiwa zinaning'inia, au huchomeka mrija moto haujazimika. Subiri mhudumu aseme tayari. Na bakuli ni la watu wawili au zaidi, si la mmoja mwenye kiu.

Sasa lile onyo la mwanzoni, kwa hesabu. Mai Tai ya asili, kinywaji alichokitunga Victor Bergeron wa mkahawa wa Trader Vic's kule Oakland 1944, ina ramu mililita 60, likeri (pombe tamu) ya machungwa ya Curaçao 15, sharubati nzito ya lozi iitwayo orgeat 7.5, sharubati ya sukari 7.5, na maji ya ndimu moja. Hizo mililita 75 za ramu na likeri, kwa asilimia 40, zinatoa mililita 30 za pombe tupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Maana yake glasi moja fupi inaipita bia kubwa, nawe unaimaliza kwa mrija ndani ya robo saa. Zombie ya Donn Beach ya 1934 ndiyo balaa: ramu mbili za mililita 45 kila moja, juu yake mililita 30 za ramu ya asilimia 75.5. Jumla ya pombe tupu inakaribia mililita 59, zaidi ya bia kubwa mbili na robo katika glasi moja. Si ajabu Donn aliwawekea wateja kikomo cha glasi mbili. Vipimo vya Trader Sam's ni vyao wenyewe na menyu yao hubadilika, lakini vinywaji vimetoka ukoo huohuo. Anayeijua dawa ya Nairobi, ile ya vodka, asali na ndimu, asidhani ni mambo yaleyale. Dawa unaonja pombe yake. Hapa ramu mbili au tatu zimefichwa nyuma ya nanasi, pasheni na viungo.

Kwa anayeanza, HippopotoMai-Tai inatosha: ndimu inakata utamu na lozi inasikika mwishoni. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya 1944. Shipwreck on the Rocks ni ya bourbon (wiski ya Marekani), limau na mnanaa, inamfaa asiyependa ramu. Barafu huwa ya kusagwa, na hiyo ina sababu: inapoza haraka na kulegeza ukali. Ila ukipiga stori nusu saa bila kugusa glasi, utakunywa maji ya sukari.

Mwenye mzio wa karanga au lozi asikilize: orgeat ni lozi, na iko kwenye Mai Tai hata kama menyu haijaandika kwa herufi kubwa. Falernum, sharubati ya ndimu, tangawizi na karafuu inayotumika sana kwenye vinywaji hivi, nayo mara nyingine hutiwa lozi. Taja mzio wako kabla ya kuagiza, si baada ya kuonja. Vinywaji visivyo na kilevi vipo, vinapendeza, na asiyekunywa haonekani mgeni. Chakula ni vitafunio vya kushirikiana, si mlo. Kula kwanza, hasa kama unakusudia ramu.

Bili. Chukua mfano wa glasi ya dola 18: kodi ya mauzo Anaheim ni asilimia 7.75, yaani dola 1.40, na bakshishi ya asilimia 20 ni 3.60. Umefika 23. Watu wawili, glasi mbilimbili, ni 92 kabla ya kula chochote. Bakshishi Marekani si hiari kama inavyosikika. Asilimia 18 hadi 20 ndiyo kawaida. Kama umekuja na gari, liache: kikomo cha pombe kwa dereva California ni asilimia 0.08 kwenye damu, na kwa hesabu ya hapo juu glasi mbili zinaweza kukufikisha huko.

Kuhusu vikombe vya kauri vya ukumbusho: huongeza bei ya kinywaji, kwa hiyo muulize mhudumu tofauti kabla hajamimina, na uulize pia kama utapewa kingine kisafi cha kuondoka nacho. Kwenye ndege, kijaze soksi ndani, kizungushie fulana nje, kiweke kwenye mkoba wa mkononi. Kikiwa na mshikio, soksi ya mwisho iwekwe pale unapoungana na mwili.